Nyuma ya Kabati: Ukungu wa Nyumba Zetu za Usambara na Gharama Zake

Mhadhara uliotolewa Lushoto mjini, mwishoni mwa masika

  

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa bwana afya. Nimepanda na kushuka milima hii, kutoka Soni hadi Mlalo, kutoka Bumbuli hadi Mtae, nikiingia nyumba za watu na daftari mkononi. Nilikagua choo, shimo la taka, kichanja cha vyombo na mtungi wa maji ya kunywa. Walionifundisha kazi walikuwa watu wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ile iliyowakusanya watu wazima vijijini kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Ilikuwa kazi njema na ninajivunia kuirithi. Ninachojutia ni kimoja: katika nyumba zote nilizoingia, sikuwahi kuomba kabati lisogezwe.

Kabati la kwanza nililisogeza nikiwa nimeshastaafu. Mama mmoja kijana, mpangaji wa chumba na sebule ndogo si mbali na hapa mjini, aliniita nimwangalie mtoto. Mtoto alikuwa na miaka 3. Mchana anacheza kama wenzake, usiku anakohoa mpaka nyumba nzima inaamka. Alishapelekwa hospitali, akapewa dawa, akapata nafuu, akarudia kukohoa. Nilipopita mlango wa chumbani nikasikia harufu kabla sijaona kitu: harufu ya gunia lililolala chini, ya udongo na nguo zilizokunjwa zikiwa bado mbichi. Nikamwambia tulishike kabati, yeye upande ule na mimi upande huu, tukalivuta.

Ukuta ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Ukisogea karibu unaona ni madoa madogo madogo, kama pilipili manga iliyotwangwa ikarushwa, yakizidi kusongamana kadiri unavyoshuka, mpaka kule pembeni yakaungana yakawa kitu kimoja. Ubao wa mgongoni mwa kabati ulikuwa umeota manyoya ya kijani. Kwenye droo ya chini kadi ya kliniki ya mtoto ilikuwa imegandana na cheti cha kuzaliwa, na jozi ya viatu vya ngozi, ambavyo mume wake alivivaa siku ya harusi yao, ilikuwa imefunikwa na unga wa kijivu. Yule mama alivipangusa kwa pembe ya kanga, kiatu kimoja kisha cha pili, machozi yakaanza kumtoka. Akaniambia, "Baba, ukuta huu nimeufuta kwa jiki mara tatu. Nimeupaka rangi mara mbili. Kila masika unarudi."

Nikaona kwamba alikuwa na aibu. Alidhani mimi, bwana afya, nimeukuta uchafu wake. Chumba kile kilikuwa kisafi kuliko ofisi nyingi nilizofanyia kazi. Aibu ile ndiyo iliyonifanya niandae mhadhara huu, kwa sababu tangu siku hiyo nimesogeza makabati mengi, na karibu kila mara nimeikuta aibu hiyo hiyo nyuma yake, pamoja na pesa nyingi zilizotumika mahali pasipo pake.

Kiswahili chetu kinajua jambo ambalo sisi tumelisahau. Ukungu ni lile wingu linalotambaa asubuhi kutoka msitu wa Magamba likashuka mpaka sokoni, na ukungu ni yale madoa ya mkate uliolala. Watu wa pwani wana neno kawa kwa madoa ya nguo iliyokunjwa mbichi, wana koga pia, na sote tuna kuvu. Mkulima wa nyanya na viazi naye ana ukungu wake, ule unaounguza majani shambani wiki moja ya baridi na manyunyu ikipita. Lakini neno moja linabeba vyote, na kwa nyumba ya Lushoto linasema kweli tupu: ukungu wa ukutani ni ukungu wa mlimani ulioingia ndani ukakosa njia ya kutokea.

Maana kuvu haiji na uchafu. Mbegu zake, ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, zimo katika hewa ya ukumbi huu sasa hivi, tunazivuta na kuzitoa. Huwezi kuzimaliza. Chakula chake ni kidogo mno: vumbi, mbao, gundi, rangi, hata povu la sabuni lililokaukia ukutani. Kinachoipa uhai ni maji. Ukuta ukibaki umelowa kwa siku moja au mbili, inaanza kuota. Ukikauka, inalala, haifi, inalala, inasubiri masika yajayo. Kwa hiyo mtu akiniuliza dawa ya ukungu ni ipi, mimi humuuliza maji yanatoka wapi.

Na maji katika milima hii hatuna shida ya kuyapata. Hapa mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua yetu kwa mwaka inapita milimita 1,000. Ndugu zetu wa Amani, kule Usambara Mashariki, wanapata karibu mara mbili ya hiyo. Tukimaliza masika tunaingia kwenye baridi ya Juni, Julai na Agosti, na hapo wengi hudhani hatari imepita kwa kuwa mvua imepungua. Hapo ndipo kuta zinapoanza kutoa jasho.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili la jasho, kwa sababu ndilo lisiloeleweka. Hewa hubeba maji tusiyoyaona, na hewa ya joto hubeba mengi kuliko ya baridi. Hewa yenye joto la nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa mpaka nyuzi 10 inaweza kubeba gramu 9 tu. Zile 8 zilizobaki lazima zitue mahali. Saa tano usiku mmelala watu watano chumbani, dirisha limefungwa, pumzi zenu zimeijaza hewa mvuke, na ukuta wa nje umepigwa na baridi ya Julai. Hewa ile ikigusa ukuta inapoa, inautua mzigo wake pale pale. Inautua zaidi nyuma ya kabati na nyuma ya kitanda, kwa sababu huko hewa haipiti na joto la miili yenu haliufikii ukuta. Asubuhi mnafungua mapazia mnakuta kioo kinatiririka. Mnakifuta kioo. Ukuta hamuufuti, na ukuta umekunywa.

Mtu mmoja akilala usiku mzima anatoa theluthi ya lita ya maji kwa pumzi na jasho, au zaidi. Nguo za familia zikianikwa ndani kwa sababu nje kuna manyunyu, zinatoa lita 2 kwa mkupuo mmoja wa kufua. Jiko la mafuta ya taa, kila lita moja ya mafuta inayoungua inarudisha karibu lita moja ya maji hewani. Na gesi, ambayo sote sasa tunahimizwa kuitumia: mtungi mdogo wa kilo 6, tangu uufungue mpaka uishe, umemwaga ndani ya nyumba yako karibu lita 10 za maji kwa njia ya mvuke. Ndoo nzima, au nusu ndoo kubwa. Mtungi ni mkavu ukiushika, moto wake ni wa bluu, safi, hauna masizi, lakini ndivyo gesi inavyoungua.

Sisemi hivyo kuikataa gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 kati ya kila 100 wawe wanapikia nishati safi, na mimi nauunga mkono kwa moyo wangu wote. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kwa mwaka 2020 moshi wa majikoni na majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Nimewazika mama zetu waliokohoa maisha yao yote mbele ya mafiga. Ninachosema ni kwamba jiko la gesi linahitaji dirisha lililo wazi, na hili halikuandikwa kwenye mtungi.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, mafiga matatu katikati. Moto haukuzimika kabisa. Usiku ulifukiwa majivu, alfajiri ukapulizwa. Moshi ulipanda darini, ukapita kwenye mahindi na maharage ya mbegu, ukapenya nyasi, ukatoka. Asubuhi ya baridi ungeiona nyumba nzima inafuka kama chungu. Kuni nazo zinatoa maji zikiungua, lakini joto la moto lilizikausha kuta na paa lilipitisha kila kitu. Ndani kulikuwa kweusi kwa masizi, macho yaliwasha, kifua kilibana. Ukungu wa ukutani sikuuona. Mahindi ya bibi hayakuwahi kuvunda.

Kisha tukajenga. Tofali la kuchoma, bati, sakafu ya sementi, plasta, vioo, dari la jipsamu. Haya ni maendeleo na tuliyatolea jasho. Vijana wetu waliyalipia kwa kabichi, nyanya na pea walizopakia usiku kwenda Kariakoo. Lakini tulipoutoa moto ndani, tulitoa pia kilichokuwa kinaikausha nyumba, na hatukuweka kitu mahali pake. Juu ya dirisha, pale ambapo fundi wa zamani aliacha matundu ya hewa, leo tunaziba ili baridi na mbu visiingie. Dirisha lenyewe linapigiwa misumari kwa kuogopa wezi. Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeziba nyufa zote, hata ile ambayo nyumba ilikuwa inapumulia.

Wajerumani walioupa mji huu jina la Wilhelmstal walisikia baridi kama sisi. Tazameni nyumba zao chache zilizobaki: msingi wa mawe umeinuka juu ya ardhi, baraza pana linazuia mvua isiupige ukuta, na dohani inavuta hewa ya chumbani kuipeleka nje hata siku ambayo hakuna moto. Hayo ni mambo matatu ambayo fundi yeyote wa Mlalo au Lukozi anaweza kuyafanya kwa mawe na udongo wa hapa hapa.

Basi, nirudi kwenye chumba cha yule mama. Nilimwomba vipande viwili vya nailoni nzito, ile inayotandikwa chini kabla ya kumwaga jamvi, kila kimoja ukubwa wa daftari. Tulipangusa ukuta ukakauka kwa juu, tukabandika kipande kimoja kwenye ukuta wa nyuma na kingine kwenye ukuta wa ubavuni, kingo zote nne tukazifunga kwa gundi ya karatasi pana, hewa isiingie. Nikaenda zangu. Baada ya siku mbili nikarudi tukavitazama. Cha ubavuni kilikuwa na matone upande wa chumbani, na nyuma yake kukavu: maji yale yalitoka kwenye hewa. Cha ukuta wa nyuma kilikuwa na matone upande wa ukutani, yamejipanga kama shanga kati ya nailoni na plasta: maji yale yalitoka ndani ya ukuta wenyewe. Chumba kimoja kilikuwa na maji ya aina mbili, na jiki ilikuwa haijagusa hata moja.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mnaojenga milimani mnajua nilichokikuta. Kiwanja kilikatwa ubavuni mwa mlima, na kwa kuwa ardhi ni ghali, ukuta wa nyuma ulisogezwa mpaka ukakaribia kuegemea kingo. Miaka ikapita, kingo ikamomonyoka kidogo kidogo, udongo ukalala kwenye ukuta mpaka usawa wa kiuno. Usawa ule ule niliouona ndani. Kila tone la mvua lililoshuka mlimani lilipita kwenye tofali zile, na tofali la kuchoma linakunywa maji kama mkate kwenye chai.

Sasa tufanye hesabu, maana nimeahidi kusema gharama. Nilikaa na yule mama tukaandika alichotumia kwa miaka miwili. Rangi mara mbili pamoja na fundi, shilingi 76,000. Jiki, brashi na sabuni, 14,000. Godoro la mtoto lililooza upande mmoja likatupwa, 110,000. Nauli za hospitali na dawa za kikohozi, 83,000. Jumla ni shilingi 283,000, na ukuta ulikuwa mweusi vile vile. Viatu vya harusi hatukuviandikia bei.

Tukaandika upande wa pili. Vijana wawili wenye majembe na sepetu, siku mbili, 60,000: waliuondoa udongo wote uliolalia ukuta, wakaikata kingo irudi nyuma hatua mbili, wakachimba mfereji chini kuliko sakafu, wakautandika mawe yaliyotoka kwenye kingo yenyewe na kuuelekeza kando ya nyumba. Wavu wa dirisha, ili dirisha lifunguliwe usiku bila mbu wala mwizi, 12,000. Mifuko miwili ya chokaa, 16,000. Jumla 88,000. Bei za kwenu zinaweza kutofautiana na hizi. Lakini mnaona wenyewe kwamba kazi kubwa ilifanywa na jembe, na jembe kila nyumba hapa inalo.

Kabla ya chokaa tulisafisha, na hapa nieleze vizuri kwa sababu watu wanajiumiza. Ukungu haukwanguliwi mkavu. Ukiukwangua unazipeperusha mbegu zake chumba kizima na wewe unazivuta. Watoto na mwenye pumu watoke nje. Funga kitambaa au barakoa puani, vaa glavu, lowesha ukuta kwa maji ya sabuni, usugue kwa brashi, upanguse kwa tambara, kisha tambara hilo litupwe. Acha ukuta ukauke siku kadhaa, madirisha wazi. Dari la jipsamu au ubao laini uliooza hausafishiki, ung'olewe. Nguo zifuliwe na zianikwe juani, na godoro lililoota kuvu ndani lisirudi kitandani, hata kama roho inauma.

Jiki hung'arisha ukuta, nayo ndiyo inayowadanganya wengi. Weusi unapotea, mtu anafurahi, kumbe plasta ina vitundu: dawa imebaki juu, maji yake yamezama ndani kuwanywesha waliobaki. Mkiitumia, msiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na katika chumba kilichofungwa unaweza kuua. Na ninawaomba sana, kwa heshima yote kwa wakulima waliomo humu, dawa ya ukungu wa nyanya ibaki shambani. Nimeingia nyumba ambamo ukuta wa chumba cha watoto ulipigwa bomba la shambani. Ile ni sumu iliyokusudiwa majani yaliyo kwenye upepo na jua, na watoto walilala nayo.

Rangi ya mafuta nayo siipendi kwenye ukuta wenye unyevu. Inaufunga ukuta kama nailoni, maji yakikosa pa kutokea yanaisukuma, inavimba, inabanduka vipande vipande. Chokaa ni rahisi, inaruhusu ukuta kupumua, na ukali wake kuvu haiupendi. Mababu zetu wa pwani walilijua hili vizuri. Nyumba za mawe ya matumbawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa na kupakwa kwa chokaa, na wahifadhi wa huko wanahimiza mpaka leo zikarabatiwe kwa chokaa, kwa kuwa sementi huyafungia maji ndani ya ukuta. Mkoa wetu wa Tanga una mawe ya chokaa tele. Hatuna sababu ya kuona haya kupaka chokaa nyumba ya tofali.

Mtoto je? Siwezi kuwaapia kwamba kikohozi kile kilitoka ukutani. Mimi si daktari, na hata daktari mwangalifu angesita. Ninachojua ni hiki: mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kwamba wakaao kwenye nyumba za namna hiyo wana hatari kubwa zaidi ya pumu na maradhi ya njia ya hewa. Halikutaja kiwango cha kuvu kilicho salama. Lilisema unyevu uzuiwe, na ukitokea uondolewe.

Kuna mtoto mwingine ambaye jina lake lazima nilitaje, kwa kuwa dunia nzima imelisikia. Awaab Ishak alikuwa na miaka 2. Wazazi wake walitoka Sudan wakapanga nyumba Rochdale, Uingereza. Baba yake alianza kulalamikia ukungu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi. Mtoto alifariki Desemba 2020, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo akatamka kwamba kifo kilitokana na kukaa muda mrefu kwenye ukungu wa nyumba ile. Bunge la nchi hiyo likatunga sheria inayobeba jina lake ndani ya sheria ya nyumba ya mwaka 2023, na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za kijamii wanapewa muda maalumu wa kuchunguza na kurekebisha. Niliposoma kwamba baba yule aliambiwa apake rangi, nilikaa kimya muda mrefu. Ni maneno yale yale ninayoyasikia hapa.

Mwenye nyumba wa yule mama alimwambia, "Ni wewe unapika ndani." Nusu ya neno hilo ilikuwa kweli, nailoni ya ubavuni ilimtetea. Nusu ya pili, ile ya kingo na mfereji, ilikuwa yake yeye. Nilimpelekea vipande vyote viwili nikamwonyesha matone. Hakubisha. Aliwalipa vijana wa majembe, mpangaji akalipa wavu na chokaa, na akaanza kupikia barazani. Nawasihi wenye nyumba mliomo humu, na nawajua baadhi yenu: walimu na wauguzi wanaopanga kwenu hawawezi kuhamisha mlima. Nanyi wapangaji, fungueni madirisha asubuhi hata kama kuna baridi, nusu saa tu, mpaka kioo kikauke, na kabati lisimame vidole vinne mbali na ukuta.

Jambo la mwisho ni mahindi. Dari la bibi halipo tena, na magunia sasa yanasimamishwa chumbani, juu ya sementi, yameegemea ukuta ule ule wa baridi. Kuvu ya ukutani na sumukuvu ya nafaka si kitu kimoja, lakini vyote viwili vinasubiri maji yale yale. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara: 68 waliugua, 20 wakafariki, na mahindi yalikuwa ya kulima wenyewe. Gunia lisiguse sakafu wala ukuta. Liwekwe juu ya chaga, na mahindi yakauke vizuri kabla ya kufungwa. Mkitaka kupima, tieni mahindi mikono miwili na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, mtikise, mwache itulie robo saa. Chumvi ikishika kioo, rudisheni mahindi juani.

Nimewaletea vipande vya nailoni. Viko mezani karibu na mlango, chukueni viwili viwili, na gundi ya karatasi ipo kwenye boksi. Bandikeni usiku huu huu, kimoja nyuma ya kabati na kingine popote mnapopashuku, mviache mpaka keshokutwa. Siku hiyo nitakuwa hapa hapa ukumbini tangu saa tatu asubuhi, tuangalie pamoja matone yamekaa upande gani. Wanaokaa chini ya kingo, njooni na jembe. Vijana wawili wamekubali kuongozana nami, na tutaanza na nyumba ya yule mzee wa kule juu ambaye mvua imemzuia kuja leo.